Rubaga, Namirembe, Kigungu: Safari ya Wiki ya Krismasi

Wakati Kampala inamiminika vijijini na mikate, sukari na nguo mpya za watoto, mimi nilipanda kilima cha Rubaga. Ndani ya kanisa kuu vijana walikuwa wakijenga pango, na ng'ombe wao alikuwa na pembe ndefu za Ankole. Fransisko wa Asizi angefurahi. Mwaka 1223, kule Greccio, Italia, aliweka hori lenye majani makavu pamoja na ng'ombe na punda hai, watu wauone kwa macho ufukara wa Bethlehemu. Sikukuu yenyewe ni ya kale zaidi: kalenda ya Roma ya mwaka 354 tayari inaitaja 25 Desemba.

Namirembe, kwa Waanglikana, nilikaa sana mbele ya mti wa taa. Desturi hiyo ni ya Wajerumani. Waingereza wengi waliiiga baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapa, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wakiuzunguka mti na watoto wao. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika Buganda Juni 1877, miaka 29 tu baadaye! Huko kwao walikuwapo wazee waliokua bila mti wowote nyumbani. Kwa hiyo huniudhi mtu anayesema kuku wa luwombo, yaani aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, si Krismasi halisi.

Kesho yake nilichukua teksi hadi Entebbe, kisha boda boda ikanifikisha Kigungu, ufukweni. Hapo ndipo wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padri Lourdel na Bruda Amans, walishuka kwenye mtumbwi tarehe 17 Februari 1879, baada ya kutembea kutoka Bagamoyo na kuvuka ziwa. Ikulu kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, habari za Yesu zilielezwa kwanza kwa Kiswahili. Nilisimama pale nikajivunia lugha yangu.

Karibu na kanisa dogo la kumbukumbu nilimkuta muuza samaki, mwenyeji wa Bukoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu sato."

Nikamuuliza kwake Krismasi huwaje.

"Misa, halafu luwombo. Watoto wanataka mti, basi tunakata tawi la mberoshi, tunalibandika pamba."

"Pamba ya nini?"

"Si ndiyo theluji! Nanunua duka la dawa."