Aliyemlevya Uria

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 2 Samweli 11:6-15.

Sura hii tumezoea kuisoma kwa habari ya Bathsheba, aliyepata mimba ya mfalme Daudi; mumewe Uria, askari, tunampita haraka. Uria anaitwa kutoka vitani, mji wa Raba umezingirwa. Daudi anataka akalale kwake, ili ile mimba ipate wa kusingiziwa. Uria anagoma: wenzake wako mahemani, yeye aende kula, kunywa na kulala na mkewe? Basi mfalme anamketisha mezani na kumnywesha mpaka analewa. Hata hivyo hakwenda nyumbani. Asubuhi anakabidhiwa barua ampelekee jemadari Yoabu, na humo ndani mna kifo chake mwenyewe.

Sisi tunaoishi jirani na kambi, Lugalo mpaka Gongo la Mboto, tukimwona mwanajeshi anapepesuka tunasema, "Wanajeshi ndivyo walivyo." Wapo waliorudi kutoka Darfur, wapo waliokuwa Kongo, ambako Desemba 2017 vijana wetu waliuawa kule Semuliki. Mtu anarudi usingizi umekata. Bia zinamlaza, ni kweli, lakini usiku wa manane pombe ikianza kumtoka anashtuka, na halali tena. Kesho anaongeza chupa. Nani anamnunulia? Ni sisi hawa hawa. "Afande, kunywa, umeipigania nchi!" Tunataka atusimulie vita, tucheke, kisha tumwachie mkewe mzigo. Na meza hiyo ikichangishwa nauli ya kumpeleka hospitali, kila mtu simu yake inaita.

Sisemi anywaye hana lake la kujibu. Waefeso 5:18 inamhusu kama inavyotuhusu. Ila nabii Nathani alipotumwa kukemea, alitumwa ikulu, kwa Daudi.

Jambo moja tuwe nalo makini. Aliyekunywa kila siku kwa miaka asifungiwe chumbani aachishwe ghafla eti anaombewa. Anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Apelekwe kwa daktari kwanza. Hospitali ya Lugalo inapokea askari na raia, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Mwombeeni mkiwa naye kwenye foleni. Na mkikaa naye, muulizeni analalaje kabla ya kumuuliza anakunywa chupa ngapi.

Kwenye maombi ya wiki hii tutaanza na wake zao. Mwenye ndugu wa kuombewa alete jina la kwanza tu, cheo akiache nyumbani.