Karatasi ya "Mimi ni"

Zoezi lenyewe ni jepesi. Unampa mtu karatasi yenye mistari 20, mara nyingi kila mstari umeanzishiwa maneno yaleyale, na juu yake pana swali moja: mimi ni nani? Ana dakika 12. Ajibu kama anajijibu mwenyewe, si kama anamjibu mtu mwingine. Aandike kwa mfuatano mambo yanavyomjia, asipime lipi zito na lipi jepesi, aende mbiombio. Wanasosholojia Manford Kuhn na Thomas McPartland walilichapisha mwaka 1954 baada ya kulifanya na wanafunzi 288 wa chuo kikuu cha Iowa, Marekani, na limezunguka dunia kwa sababu ya wepesi huo. Penseli, karatasi, saa, basi.

Nililipeleka Tanga Julai 2013, kwenye mafunzo ya siku tatu ya maafisa ustawi wa jamii na wajumbe wa kamati za kata zinazoshughulikia watoto walioondoka makwao. Walikuwa watu 24. Nilitaka kila mmoja alionje swali hili kabla ya kwenda kumuuliza kijana wa miaka 15 aliyelala stendi miezi minane. Swali la "wewe ni nani" ukilitupa ovyo kwa mtoto wa namna hiyo linaumiza, na anayeliuliza hawezi kujua linaumiza wapi kama hajakaa nalo mwenyewe.

Asubuhi tulianza na karatasi ya Kiingereza, ambayo kila mstari wake ulianza na "I am". Baada ya chai tukafanya ya Kiswahili, ambayo tafsiri yake ilikuwa yangu: kila mstari ulianza na "Mimi ni". Hapo tayari palikuwa na kosa moja la utaratibu. Ukimpa mtu dodoso kwa lugha mbili, nusu ya darasa ianze na lugha hii na nusu na ile, la sivyo majibu ya kwanza yanavuja kwenye ya pili: mtu anakumbuka alichoandika asubuhi, ama anakirudia, ama anakikwepa. Sisi tulianza sote upande mmoja. Kosa kubwa zaidi sikuliona mpaka karatasi zilipokusanywa.

Za asubuhi zilisema: mchapakazi, mvumilivu, mrefu, mtu mwenye malengo, mcheshi. Za baada ya chai zilisema: mama wa fulani, mke, mtoto wa tatu kwa baba, Mdigo, Mbondei, Mwislamu, Mkristo, mwajiriwa, mkazi wa Ngamiani. Mwandiko uleule, penseli ileile, na katikati yake kikombe kimoja cha chai na kipande cha muhogo.

Mwenzangu tuliyekuwa tunaendesha naye mafunzo alifurahi. Alisema mambo yamekuja kama yalivyo vitabuni, na alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1997 watafiti Ma na Schoeneman walitoa utafiti uliotumia zoezi hili Kenya: Wamaasai na Wasamburu walijitaja zaidi kwa nafasi zao katika jamii, Wamarekani kwa sifa zao binafsi, na wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi walikuwa karibu zaidi na Wamarekani kuliko na wafugaji. Na mwaka 2002 Michael Ross na wenzake waliwapima wanafunzi wa Kanada waliozaliwa China. Walioandika kwa Kichina walijieleza kwa makundi yao zaidi ya wale walioandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo lugha kuamsha upande mmoja wa nafsi si jambo la ajabu.

Ila mwenzangu akaenda hatua moja mbele. Akachukua karatasi moja iliyojaa ukoo na dini akasema huyu hajajitafuta bado, utambulisho wake amekabidhiwa. Alikuwa anatumia mgawanyo wa mwanasaikolojia James Marcia wa mwaka 1966, uliotokana na kazi ya Erik Erikson kuhusu utambulisho wa vijana. Marcia anaangalia mambo mawili: je, kijana amewahi kuhoji na kujaribu njia tofauti, na je, ameshika msimamo? Aliyehoji akashika amefikia utambulisho wake. Anayehoji na hajashika yuko safarini. Asiyehoji wala kushika ametawanyika. Aliyeshika bila kuhoji ndiye aliyekabidhiwa. Ni mgawanyo mzuri, lakini unapatikana kwa mahojiano ya ana kwa ana, unamuuliza mtu kuhusu kazi, dini na siasa, na unamuuliza alivyofika alipo. Haupatikani kwenye orodha ya mistari 20. Mtu aliyeandika "Mwislamu" mstari wa kwanza anaweza kuwa hajawahi kujiuliza, au ameivuka miaka kumi ya mashaka akarudi. Neno ni hilohilo. Kosa hili likiingia kwenye faili la mtoto, likasomwa na mlezi mpya, na la pili likajengwa juu ya la kwanza, mtoto anatembea na sifa ambayo hakuna aliyeichunguza. Nimeona mafaili ya namna hiyo, na hadi leo sijaweza kuyazoea.

Tulikuwa bado tunabishana nilipoifikia karatasi ya afisa mmoja wa kike.

Mistari minane ya kwanza alikuwa ameijaza vizuri: jina, mama wa mwanawe wa kwanza, dada, Msambaa, afisa, na kadhalika. Mstari wa tisa alikuwa ameyakata maneno "Mimi ni". Alianza kwa kufuta, karatasi ikachanika kidogo nyuzinyuzi zikatoka, ndipo akaamua kupiga mstari juu yake, na pembeni akaandika: "Nina subira." Wa kumi vilevile, amekata: "Nina wivu." Wa kumi na moja: "Napenda kuimba nikiwa jikoni." Wa kumi na mbili: "Nimechoka." Kuanzia hapo hakukata tena, alikuwa anaandika chini ya maneno yangu kana kwamba hayapo.

Niliisoma mara tatu. Kiswahili kinajua kusema mtu ni mpole, ni mrefu, ni mvivu. Lakini sehemu kubwa ya yaliyomo moyoni haipiti kwenye "ni". Subira, haya, huruma, hasira, wivu, hofu, hivyo tunavyo: nina. Uchovu, njaa ya muda mrefu, ndoa, vinatukuta: nimechoka, nimeolewa. Tabia tunazitenda: napenda, huwa sisemi sana. Anayeanzishiwa sentensi na "Mimi ni" anasukumwa taratibu kuelekea kwenye majina ya watu na vyeo, mama, mwalimu, Mzigua, kwa kuwa hayo ndiyo yanayokaa hapo bila kulazimishwa. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na mlango mpana, yangu ilikuwa na mlango mwembamba, kisha tukashangaa waliotoka wamebeba mizigo tofauti. Sisemi lugha na jamii hazikuwa na neno lao katika majibu yale. Nasema hatukuwa na haki ya kudai kwamba majibu yametokana nazo, maana hatukujua kipi kimetoka kwa mtu na kipi kimetoka kwa mfasiri.

Neno lililonikaa zaidi lilitoka kwa mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya kata, mtu mzima kuliko wote mle ndani. Alikuwa ameandika mistari saba: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, upande wa mama, Pangani, na kijiji. Kisha aliweka penseli chini na kukunja mikono. Wakati wa zoezi lenyewe nilimsogelea.

"Shikamoo, mwalimu. Umemaliza?"

"Marahaba. Nimemaliza."

"Imebaki mistari 13."

"Mwanangu, umeniuliza nani. Nani nimekujibu. Ukitaka kujua nikoje, niulize nikoje."

Nilimshukuru nikasonga mbele, kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda. Ni baada ya ile karatasi ya afisa ndipo maneno yake yaliniingia. Mtu akipiga hodi, wa ndani akauliza "nani?", hakuna anayejibu "mpole". Hata "mimi" peke yake haitoshi. Unataja jina, na kama hujulikani unataja mtoto wa nani, umetoka kwa nani. Hilo ndilo swali nililolichapa juu ya karatasi zote 24. Wazee walilijibu sawasawa, tukataka kuwahesabia pungufu. Na tusisahau kwamba hata Iowa wengi hawakumaliza: ukiwapanga wale 288 kwa idadi ya majibu yao, wa katikati alitoa 17, na wako walioishia na moja au mawili.

Baada ya chakula cha mchana tulikaa kuainisha. Utaratibu wa kawaida, aliouendeleza McPartland, una masanduku manne. La kwanza ni la mwili na vitu vinavyoonekana: urefu, umri, anwani. La pili ni la nafasi katika jamii: mke, mwanafunzi, Mkristo. La tatu ni la tabia na hisia. La nne ni la majibu mapana mno, yasiyomtofautisha mtu na mwingine, kama "binadamu". Wanaainisha watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona alama za mwenzake. Ndipo wanalinganisha, wanajadili walipotofautiana, na alama za mwanzo hazifutwi, maana pale walipotofautiana ndipo penye somo.

Tulitofautiana haraka. "Mimi ni mtu wa watu": nafasi au tabia? Kwa Kiswahili ni tabia, anayependwa na kupendeka. "Mimi ni mtu mzima": umri, au heshima? Inategemea nani kaandika. Anayeainisha kwa kuangalia neno la kwanza atakosea yote mawili.

Gumu zaidi lilikuwa jibu lililokuja kwenye karatasi tatu, neno tupu: "mtu". Kwa kanuni ile linakwenda sanduku la nne, pamoja na mengine yasiyo na maana ya kumtambulisha mwenyewe. Lakini nani kati yetu hajasikia ikisemwa "yule si mtu", au "sasa amekuwa mtu"? Mtu kwetu ni cheo cha kimaadili, na utu unaweza kupungua na kuongezeka. Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nigeria, aliandika mwaka 1984 kwamba utu hauzaliwi nao mzima, unafikiwa kidogo kidogo kwa kuishi na kuwajibika kati ya watu. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa sehemu: jamii inamjenga mtu, ndiyo, lakini mtu ana akili na dhamiri yake inayoweza kusimama kuihoji jamii hiyo. Mjadala huo wote umo ndani ya neno moja ambalo sanduku la nne lilikuwa tayari kulimeza. Tuliliondoa humo. Mwenzangu ndiye aliyesema tufungue sanduku la tano, tuliite utu.

Siku ya pili karatasi zilikuwa mpya. "Ni" tuliiondoa, ikabaki "Mimi" na nukta. Swali la juu likawa neno moja: "Jieleze." Tulizigawa pia kwa mahali, mistari mitano mitano, dakika tatu tatu: nikiwa nyumbani, nikiwa kazini, nikiwa na rafiki zangu, nikiwa peke yangu. Wazo hilo ni la mtafiti Steven Cousins, 1989. Wanafunzi wa Japani walipoulizwa swali tupu walitaja sifa zao binafsi kwa uchache kuliko Wamarekani, lakini walipotajiwa mahali wakazitaja kwa wingi. Sifa walikuwa nazo. Kuzitaja hewani, bila pa kuziegemeza, ndiko kulikokuwa kugeni kwao. Safari hii nusu ya darasa ilianzia chini, na mkuu wao wa idara, aliyekuwa ameketi nyuma siku ya kwanza, tulimwomba atupishe. Mwanasosholojia Charles Cooley alisema mwaka 1902 kwamba tunajiona kwenye kioo cha macho ya wenzetu, na kwenye karatasi za jana "mwajiriwa" ilikuwa imeingia mistari miwili ya kwanza karibu kila mahali. Leo ilishuka.

Yule afisa alijaza yote 20 bila kukata kitu. Nyumbani ana sauti kubwa, kazini anasikiliza, akiwa peke yake anaogopa giza.

Mwalimu alijaza "nyumbani" yote: huwa nalala mapema, sipendi kelele, wajukuu wananishinda, nina haya kuomba, naswali kwa wakati. Kwenye "kazini" aliandika mstari mmoja tu: "Nilikuwa mwalimu." Minne iliyofuata aliiacha wazi.

Mwenzangu alisema jibu hilo liende sanduku la pili, maana ualimu ni nafasi. Mimi nilisema la tatu, kwa kuwa aliyeandika "nilikuwa" anasema kitu kuhusu kupoteza, na hakuna anayempa mtu nafasi hiyo. Mwanafalsafa John Locke aliifunga nafsi kwenye kumbukumbu, kwamba mimi wa leo ni yuleyule wa jana kwa sababu namkumbuka kwa ndani, na kwa kipimo hicho mzee yule ni mwalimu hadi leo, na darasa zima lilimwita hivyo. Tulikwenda kumuuliza tuliweke wapi. Akaiangalia karatasi, akachukua penseli, akaifuta "likuwa" taratibu, akaandika juu yake, kisha akaifuta tena akarudisha ilivyokuwa.

"Andikeni kwa penseli," akasema.

Tuliweka sanduku la pili na la tatu, alama zote mbili, kwa penseli.