Noti ya Dola Kumi, Bulawayo mpaka Harare

Kondakta alinipa noti moja ya dola kumi, akaniambia nigawane na mzee aliyekaa dirishani. Nauli ilikuwa dola 15. Mimi nilitoa 20, mzee naye alitoa 20, na basi zima halikuwa na noti ya tano hata moja. Ndivyo nilivyoiona chenji ya Zimbabwe: unaunganishwa na mtu usiyemjua, mkishuka mnatafuta duka la kuivunja pamoja. Nilikasirika. Tangu Victoria Falls nilikuwa nimeshapewa peremende, kalamu na kiberiti badala ya hela yangu, na chupa ya maji ambayo kwetu ni shilingi elfu moja niliilipia dola nzima.

Ya Tunduma, Lusaka na Livingstone sitayasimulia. Siku nne za vumbi na mihuri ya pasipoti. Bulawayo nilipapenda, barabara zake ni pana ajabu, lakini nayo naiacha, kwa sababu safari yangu yote naikumbuka kwa usiku mmoja.

Saa nne za usiku, tukiwa tumeipita Gweru, basi lilitoa moshi likazima. Ilikuwa Julai. Mimi ni mtu wa Iringa, baridi naijua, ila ile iliniingia mpaka kwenye meno. Kondakta akasema basi jingine liko njiani. Lilikuja saa kumi alfajiri. Hakuna aliyerudishiwa hata senti, wala hakuna aliyetuambia pole.

Vijana waliwasha moto kando ya lami. Nikampigia mama asije akakesha na wasiwasi, tukasalimiana kwa Kihehe kama kawaida yetu. Nilipokata simu, mzee wa noti ya kumi alikuwa amenigeukia.

"Kamwene," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, kisha akaendelea kwa Kiswahili kilichokuwa kinamtoka kwa shida, kama mlango wa siku nyingi: "Mimi kaa Mgagao. Tanzania. Zamani, vita."

Mgagao iko Kilolo, hapo hapo kwetu. Shuleni tulifundishwa kwamba wapigania uhuru wa Zimbabwe walifanya mazoezi pale, nasi tukaandika kwenye daftari, tukajibu mtihani, tukasahau. Sasa jibu la mtihani limekaa mbele yangu, limejifunika blanketi, linaota moto. Nikamwamkia upya, "Shikamoo mzee." Akacheka kwa furaha akaitikia "Marahaba," na machozi yalikuwa yanamlenga.

Tulizungumza mpaka basi likaja, Kiswahili kikimwishia anahamia Kiingereza. Alinyoosha mkono gizani, upande wa Shurugwi. Huko, akasema, ndiko alikozaliwa Ian Smith mwaka 1919, enzi hizo pakiitwa Selukwe; Smith, waziri mkuu wa walowezi, Zimbabwe ikiitwa bado Rhodesia. Na Gweru tuliyoiacha nyuma ndiko ZANU, chama cha wapigania uhuru, ilikofanyia mkutano wake mkuu wa kwanza mwaka 1964. Miezi michache baadaye ikapigwa marufuku.

Baba yake alikuwa mwalimu. Chini ya katiba ya 1961 kulikuwa na madaftari mawili ya wapiga kura, la A na la B. Ili uingie la A ulitakiwa uwe na kipato, mali na elimu ya kiwango ambacho karibu Wazungu peke yao walikuwa nacho, na hilo ndilo lililobeba viti 50 kati ya 65. Baba yake, pamoja na kusoma kwake kote, aliishia la B, lenye viti 15. "Baba alikuwa anapiga pasi suti yake kwenda kupiga kura," mzee alisema, "na matokeo alikuwa anayajua kabla hajavaa viatu." Chama cha Smith, Rhodesian Front, kilichukua viti vyote 50 vya Wazungu mwaka 1965. Kikavichukua tena vyote 1970, 1974 na 1977. Bunge lilikuwepo, wagombea walikuwepo, kampeni zilikuwepo, yote hayo kwa ajili ya watu wasiofika laki tatu katika nchi ya mamilioni. Vyama vya Waafrika vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine: NDP Desemba 1961, ZAPU Septemba 1962. Halafu mwaka 1963 ZAPU ikapasuka, ikazaliwa ZANU, na vijana wa pande mbili wakaanza kurushiana mawe na kuchomeana nyumba mitaani, wakati adui wao amekaa Salisbury, Harare ya leo, anawatazama. Tarehe 11 Novemba 1965 Smith akajitangazia uhuru wake bila idhini ya Uingereza.

Hapo nikamwambia ya kwetu. Kwamba Desemba ile ile Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa kutouzima uasi wa Smith, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa itupe ukazuiwa. Kwamba Herbert Chitepo, mwenyekiti wa ZANU aliyeuawa kwa bomu Lusaka mwaka 1975, aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Tanganyika. Niliyasema kwa fahari, nakiri. Nilitaka ajue kwamba hatukuwa watazamaji.

Alininyamazia kidogo. Kisha akaniambia kitu ambacho hakikuwamo kwenye daftari langu la historia.

Yeye alikuwa wa ZAPU. Alitoroka Bulawayo mwaka 1975 kupitia Botswana na Zambia, akapelekwa Morogoro. Nyerere na Samora Machel wa Msumbiji walikuwa wamechoshwa na ugomvi wa vyama viwili, wakasukuma viunganishe wapiganaji wao kuwa jeshi moja, ZIPA. Ndivyo yeye na wenzake walivyofika Mgagao mwaka 1976, kuishi kambi moja na vijana wa ZANU. Ugomvi ulianza kwa nyimbo, nani atajwe na nani asitajwe. Ukaishia kwa risasi. "Sisi kwa sisi," alisema kwa Kiswahili, na sentensi hiyo haikumpa shida kabisa. Rafiki yake aliyetoka naye mtaa mmoja alikufa pale. Yeye alikimbilia porini, na mama mmoja wa kijijini akampa uji na akamfundisha kuitikia salamu.

Nilishindwa la kusema. Mama yangu alikuwa msichana mdogo mwaka ule, si mbali na hapo.

Alimalizia haraka, kama mtu anayekunja nguo. Uhuru ulikuja tarehe 18 Aprili 1980. Katika uchaguzi uliotangulia ZANU-PF ilipata viti 57, PF-ZAPU 20, chama cha Askofu Muzorewa vitatu, na Wazungu walikuwa wametengewa 20 ambavyo Rhodesian Front ilivizoa vyote. Mwaka 1983 Brigedi ya Tano, kikosi cha jeshi la serikali mpya, ikaingia Matabeleland, ngome ya ZAPU, wakauawa maelfu ya raia, na kuwa mtu wa ZAPU ikawa kosa. Akarudi Botswana, safari hii akiikimbia serikali aliyoipigania. "Mwaka 1985 mimi niko kambi ya wakimbizi," akasema, "na Smith yuko bungeni. Kundi lake limeshinda viti 15 kati ya 20." Smith aliendelea kuwa mbunge mpaka 1987.

Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu nirudi. Walowezi walitawala kwa bunge ambalo, kuanzia 1965, viti vyao vyote 50 vilikwenda kwa chama kimoja kila uchaguzi, nao wakawafundisha Waafrika kwamba chama ni kitu cha kupigwa marufuku. Vyama vilivyokulia jela na kambini, ambako mpinzani wako ana bunduki kama yako, vingejifunza wapi kushindana bila kuuana? Silisemi ili kuwatetea waliotuma Brigedi ya Tano. Nalisema kwa sababu kwetu pia, kila ukikaribia uchaguzi, nasikia watu wakimwita mpinzani msaliti, na siku hizi mwili unanisisimka.

Tulifika Harare jua limechomoza. Nikamwambia twende tukaivunje ile noti. Akakataa. Akanikunjia vidole vyangu juu yake, akaniambia sehemu yake ni nauli ya kutoka Iringa mpaka Mgagao, nikamsalimie rafiki yake. Akanitajia jina, akalirudia mara mbili ili nisilikosee.

Noti ninayo bado. Mama anasema yuko bibi mmoja huko ambaye huenda anakumbuka walikozikwa, na kwamba twende kabla mvua hazijaharibu barabara.