Kidonge cha tezi, chai ya asubuhi na saa za Ramadhani

Tangu nifanyiwe operesheni ya rovu na tezi ya shingo kutolewa yote, naishi kwa kidonge kimoja kidogo cha levothairoksini, mikrogramu 100, kila siku ya Mungu. Kukimeza si kazi. Kazi ni kukitafutia nafasi tumboni kabla ya chakula, na katika nyumba ya Kiunguja, ambamo birika la chai ya maziwa huinjikwa gizagiza, nafasi hiyo haiji yenyewe.

Bahati yangu, nesi aliyenipa ruhusa ya kutoka wodini hakuniachia ile bahasha ndogo iliyoandikwa "1 x 1" akaondoka. Alinieleza kwamba kidonge hiki hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, na hata mambo yakienda sawa si chote kinachoingia kwenye damu, ni kama asilimia 60 hadi 80. Kikikutana na chakula, kinachoingia hupungua. Kwa hiyo kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha nisubiri nusu saa, na bora zaidi saa nzima. Kahawa hairuhusiwi katika muda huo, hata ile kavu isiyo na maziwa.

Mama hakupenda kabisa. "Mwanangu, utajiunguza tumbo. Dawa humezwa na kitu!" Simlaumu. Dawa nyingi tulizokua nazo ziliandikwa "baada ya kula", basi hii ya kinyumenyume inamshangaza. Nilimwambia, "Mama, hii ni homoni niliyokuwa nayo mwilini tangu nizaliwe, haichomi." Akaguna. Mpaka leo ananitazama nikimeza kama anayenisubiri nianguke.

Nilichoshika ni adhana ya alfajiri. Gilasi ya maji iko karibu na msala tangu usiku. Nikiamka nameza, natia udhu, nasali, nafagia uani. Hadi vitumbua vya kwanza vitoke kwenye moto, saa imepita bila mimi kuihesabu. Hapo nakunywa chai yangu kwa raha.

Ugumu ulikuwa kwenye kalsiamu. Tezi ikitolewa yote, vile vitezi vinne vidogo vilivyo nyuma yake, vinavyosimamia kalsiamu ya damu, vinaweza kuzubaa kwa muda. Midomo ilinifanya ganzi, vidole vikanichonyota, nikaandikiwa vidonge vya kalsiamu. Sasa kalsiamu na kidonge cha tezi havikai pamoja: vikikutana tumboni hushikamana, na homoni inapita bila kunyonywa vizuri. Vinatakiwa kuachana kwa saa nne. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, vina tabia hiyohiyo, na dawa za kiungulia za kutafuna pia. Basi kalsiamu nikaihamishia chakula cha mchana na cha usiku, na asubuhi nikaiachia tezi peke yake.

Kisha kuna uji wa lishe. Mtu akitoka hospitali kwetu, kila jirani anamletea, na heri yao. Lakini mwingi una unga wa soya, na soya nayo hupunguza unyonywaji wa dawa hii. Nikaufanya wa alasiri.

Ramadhani ikaja na kuuvuruga mpango wote. Alfajiri ndipo tumbo limetoka kujaa daku, na mchana sinywi hata maji. Nilimwuliza daktari kabla mwezi haujaandama, akaniambia nimeze wakati wa kulala, ila ziwe zimepita saa tatu tangu nile mara ya mwisho. Wala si njia ya kubahatisha: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha kumeza asubuhi na kumeza usiku, na wa usiku vipimo vyao vilikuwa vizuri zaidi.

Kwa maneno ni rahisi. Lakini Unguja hatuli futari tukamaliza. Kuna tende na uji, muhogo wa nazi, samaki, kisha watu wanarudi tarawehe na sahani za sambusa na katlesi zinaanza upya. Awamu hiyo ya pili ndiyo niliyoikata. Nafuturu jua likizama pamoja na kidonge cha kalsiamu, saa mbili mdomo umefungwa, saa tano nameza cha tezi na kulala. Kalsiamu nyingine inangoja daku ya saa kumi. Wageni wakinishika mkono, "Onja kidogo tu, bibi", nawajibu nimefunga tena. Wengine wanacheka, wengine wananuna. Sambusa zitakuwapo Mfunguo Mosi.

Kuhusu kupima, haina maana kukimbilia maabara wiki moja baada ya kubadilisha saa. Nusu ya dawa hii hukaa mwilini kama siku saba, kwa hiyo mabadiliko huonekana polepole, na TSH hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8. TSH ni homoni inayotoka chini ya ubongo kuihimiza tezi. Homoni ya tezi ikipungua mwilini, TSH hupanda. Yangu nilipopima baada ya Idi ilikuwa ndani ya kiwango, ambacho kwa maabara nyingi ni kati ya 0.4 na 4.0. Kwa maoni yangu asubuhi au usiku si hoja kubwa. Chagua saa utakayoiweza, uishike.

Vidonge navihifadhi kwenye karatasi zake za asili, mbali na jiko na bafu. Vinatakiwa visizidi nyuzi 25, na joto letu la kaskazi linafika huko na kupita, kwa hiyo vinakaa chini kabisa ya kabati, na sinunui vya miezi mingi.

Kalsiamu daktari aliisimamisha damu ilipotulia. Mimi nikabaki na usiku hata baada ya Ramadhani, kwa kuwa chai yangu ya alfajiri sasa haina masharti. Kinachobaki kunisumbua ni harusi. Pilau ikipakuliwa saa nne usiku nakula kama wenzangu, na kidonge nakiacha hadi adhana. Hilo nilimwuliza daktari, akalikubali.