Nilimwogopa bosi kuliko panya

Mimi na panya hatupatani kabisa. Nikisikia kitu kinakwaruza darini usiku, nawasha taa na usingizi ndiyo umeisha hivyo. Kwa hiyo niliposikia kuna filamu ya kutisha ambamo panya kwa mamia wanamtii kijana mpweke na kwenda kumlipizia kisasi, nilijua hii itanimaliza. Nikamwita mdogo wangu tuitazame wote, maana peke yangu nisingethubutu. Ilipoisha, nililala fofofo.

Ni Willard ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Glen Morgan. Kuna nyingine ya jina hilohilo ya 1971, na hii imeirudia hadithi ileile. Willard ni mtu mzima anayeishi na mama yake mgonjwa katika jumba kuukuu. Anafanya kazi kwenye kampuni ambayo marehemu baba yake aliianzisha na mwenzake, Bwana Martin, ambaye sasa ndiye bosi na anamfokea mbele za watu kila akichelewa. Nyumbani nako hakuna nafuu: mama mtu analichukia hata jina la mwanawe. Rafiki hana. Halafu huko chini ya nyumba anamkuta panya mweupe amenasa kwenye mtego, anamwokoa, anampa jina la Socrates, na kuanzia hapo hayuko peke yake tena.

Mpaka hapo, jamani, mimi nilikuwa ndani. Crispin Glover anayeigiza Willard ana mwili unaojikunja kama wa mtu anayesubiri kupigwa, na macho hayajui yaangalie wapi. Siku bosi anapomuua Socrates palepale kazini, Willard analia kilio cha kufiwa hasa, na mimi nisiyeweza kumtazama panya mara mbili nikajikuta koo limekaza. R. Lee Ermey, aliyecheza bosi, ana sauti ya kukufanya ukae vizuri kwenye kiti hata kama wewe si mfanyakazi wake.

Tatizo ni kwamba hiyo ni hofu ya kazini. Ya panya iko wapi?

Panya wanatafuna matairi ya gari jipya la bosi. Sawa, inachekesha. Wanajaa ngazi na sakafu, lakini wengi unaona wazi wametengenezwa kwa kompyuta: wanatiririka pamoja, hakuna anayesita, hakuna anayeteleza, hakuna anayekimbilia pembeni. Kinachonitisha mimi kwa panya ni kutojua ataelekea upande gani. Hawa wanaenda kama wanajeshi kwenye gwaride. Na zamu ya bosi inapofika, kamera inakwepa. Filamu ilipewa daraja la PG-13, yaani hata vijana waruhusiwe kuingia, na inaonekana: tunaoneshwa kundi, tunasikia makelele, basi.

Kiongozi wao, Ben, ni panya buku. Nadhani walimchagua kwa ukubwa wake, lakini mnyama mwenyewe ana uso wa upole, na kila wakituonesha anavyomkazia macho Willard kwa chuki, mimi nilimwona anasubiri karanga. Halafu hao ndio panya wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Ukishalijua hilo, utamwogopaje Ben?

Tukio moja tu lilinishika. Mwanamke wa kazini, anayemhurumia Willard, anamletea paka wa kumliwaza. Paka wa watu, katika nyumba ile! Panya wanamwandama, huku unapigwa wimbo “Ben” wa Michael Jackson, ule mtamu kabisa wa urafiki. Wengi wanaupenda bila kujua kwamba anaimbiwa panya. Ulitoka na filamu ya Ben ya 1972, iliyoendeleza ile Willard ya kwanza. Sauti ile ya mtoto, paka anahaha juu ya samani, nami nimeshika mkono wa mdogo wangu. Dakika hizo chache walijua wanachokifanya. Kumbe waliweza! Sasa kwa nini zilizobaki wakazifanya nusunusu, si kichekesho, si kitisho?

Mwisho wake sitausema, ila ulinipa hisia kwamba kuna mtu alisema mkanda unatosha, zimeni taa. Mdogo wangu, ambaye haogopi chochote, aliuliza tu kwa nini Willard hakuacha kazi mapema akatafuta nyingine. Nikamwambia basi filamu isingekuwepo. Akasema, “Si ndiyo?”