Watu wanafikiri nagawa nguo: Ijumaa yangu moja ya Diakonia, Mbeya

Saa 10:45 alfajiri simu iliita kabla ya kengele niliyotega. Alikuwa mama mmoja mjane ambaye tumekuwa tukihangaika naye tangu Machi. Hakuwa na jambo jipya. Alitaka kusikia kwa masikio yake kwamba leo bado tunaenda. "Mama, upo kweli?" Nikamwambia nipo. "Haya, basi najiandaa." Nje giza tupu, na baridi ya Julai ilikuwa inapita chini ya mlango. Usingizi haukurudi tena, nikawasha jiko.

Mimi ni mratibu wa Diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, katika usharika mmoja hapa mjini Mbeya. Ni mwaka wa saba sasa. Mtaani wananiita Mama Diakonia, na nikijitambulisha kwa mgeni jibu huwa hilohilo: "Ooh, wewe ndiye unayegawa nguo." Nguo nagawa, kweli. Unga nagawa, mablanketi pia, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapika chakula cha wazee ukumbini. Ila saa zangu nyingi haziishii huko. Zinaishia kwenye mabenchi ya ofisi za watu, nimekaa na mtu ambaye akienda peke yake atarudishwa mlangoni. Nimeamua kuandika Ijumaa hii moja jinsi ilivyokwenda.

Saa 12:30 niko ofisini. Nilifagia, nikamwandikia Baba Mchungaji ujumbe wa ratiba, nikahesabu mablanketi yaliyobaki (kumi na moja), nikapokea debe mbili za maharage kutoka jumuiya ya juu. Maharage haya yana historia. Sadaka za mazao huwa tunazinadi nje baada ya ibada ya Jumapili, fedha zinaingia hazina. Niliomba kwa wazee wa kanisa muda mrefu kwamba sehemu ya maharage isinadiwe, ibaki kwa ajili ya chakula cha wazee. Walikubali mwaka jana. Leo ni yale ya njano, yanayoiva haraka, na nilifurahi kwa sababu kuni zimepanda bei.

Kisha nikafungua kabati la vitabu. Kitabu cha ndoa cha usharika wetu ni kikubwa, jalada jeusi, pembe zimeliwa na mende. Ndani kuna safu zilizochorwa kwa rula: tarehe, bwana harusi na baba yake, bibi harusi na baba yake, mashahidi, mchungaji. Wino wa bluu umepauka lakini unasomeka. Ndoa ya mama huyu ni ya Desemba 1999. Nilikuwa nimeiona wiki iliyopita, ila asubuhi hii nilitaka kuitazama tena kwa sababu ya saini moja iliyo kwenye safu ya mashahidi. Nitaisema mbele.

Saa 1:40 nilimkuta kituoni amevaa kitenge cha kanisani na koti la marehemu mumewe, mikono ya koti imemfunika vidole. Ana mfuko wa plastiki, ndani yake mna kila karatasi aliyonayo duniani. Tukapanda bajaji. Kutoka upande wa Uyole kuja mjini asubuhi ni adhabu. Barabara hii ndiyo ya Tunduma, malori ya Zambia na Kongo yanapita katikati ya jiji, na ujenzi wa upanuzi umebana njia zaidi. Tulikaa nyuma ya lori la mafuta mpaka nikasoma maandishi yote ya nyuma yake. Yeye hakusema neno. Alikuwa anahesabu karatasi kwa vidole, bila kuzitoa mfukoni.

Shauri lenyewe ni hili. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita, nyumbani, hakufikishwa hospitali. Ameacha nyumba ya vyumba vitatu na shamba la viazi la ekari moja na nusu. Shemeji yake anataka shamba lirudi kwenye ukoo. Mama hakuwa na cheti cha kifo, hakuwa na karatasi ya ndoa (ilichomwa pamoja na nguo za marehemu), na kikao cha ukoo kilichoitishwa mara ya kwanza yeye hakuitwa. Tangu Machi tumetafuta cheti cha kifo, tumekipata. Kikao cha ukoo kimerudiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muhtasari upo. Msaidizi wa kisheria ametuandalia maombi bila kutudai hata senti, na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inataka iwe hivyo. Kilichobaki ni kupeleka maombi ateuliwe msimamizi wa mirathi.

Wanaosema kanisa liache mambo haya, naelewa hoja yao inatoka wapi. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zipo mpaka leo, na ndani yake mjane hahesabiwi kama mrithi wa mume wake. Watoto ndio wamtunze. Kwa upande mwingine Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za 1999, zinasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mama wa kijijini anaishi katikati ya karatasi hizo mbili. Mahakama nayo huangalia marehemu aliishi vipi, kimila au Kikristo, na hapo ndipo kitabu chetu cheusi kinapokuwa na kazi.

Saa 3:10 tukafika dirisha la masijala. Jina la mahakama silitaji. Tulikuwa wa nne.

Karani alipokea faili saa 4:25. Akapitia karatasi moja moja, akanyamaza, akarudi nyuma, akanyamaza tena. Halafu akasukuma faili chini ya kioo. "Majina hayafanani." Kwenye cheti cha kifo jina la ukoo la marehemu lina herufi moja pungufu kuliko lilivyo kwenye nakala ya kitabu cha ndoa. Herufi moja! Mtu yuleyule, mwaka uleule wa kuzaliwa, kijiji kilekile. Nikamweleza kwa upole. Akasema, "Mama, mimi sijakataa, naomba kiapo cha majina." Na alikuwa sahihi, hilo ndilo linaloumiza. Akipokea hivyo, kesho upande wa pili utalishika kosa hilo na shauri litaanza upya.

Tukatoka kutafuta wakili wa kutuapishia. Wa kwanza hayupo. Wa pili anataka elfu hamsini. Wa tatu, ghorofani kwenye chumba chenye harufu ya rangi mbichi, akakubali elfu ishirini baada ya kumsikiliza mama mwenyewe. Fedha ya Diakonia haitoki bila vocha, na vocha inahitaji saini mbili, na mwenye saini ya pili yuko Tukuyu msibani. Nikatoa yangu. Mama akanishika mkono: "Mama Diakonia, nina majogoo mawili." Nikamwambia majogoo yabaki. Akasema, "Moja nitalileta." Sikubishana naye, maana mtu aliyekuja na koti la marehemu kupigania shamba ana haki ya kutoa kitu chake.

Tuliporudi dirisha limefungwa, chakula cha mchana. Kwenye benchi letu alikuwa amekaa shemeji.

Sijui nani alimwambia. Alitusalimia vizuri, "Bwana asifiwe," tukaitikia "Amina", kwa sababu yeye naye ni Mkristo, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika mwingine. Akaanza taratibu. Kwamba yeye hana ugomvi na mke wa kaka yake. Kwamba shamba lilifyekwa na babu yao. Kwamba mwanamke alikuja na begi moja. Kisha akanigeukia. "Mama, na wewe ni mtu wa Mungu. Kanisa lilete unga, lilete maombi. Hili la ardhi ni la ukoo. Mnatugombanisha." Watu wa mabenchi mengine wakanyamaza wasikilize. Mama aliinamisha kichwa, akawa anakunja ncha ya kitenge, anakunjua, anakunja.

Nimeambiwa maneno hayo mara nyingi, na kila mara yananichoma, kwa sababu mengine yanatoka kwa washarika wenzangu. Nilimjibu kwamba ugomvi wa kwanza ulioandikwa ndani ya kanisa, Matendo sura ya 6, ulihusu wajane waliosahauliwa, na kanisa halikusema hilo ni la ukoo, lilichagua watu saba wenye sifa njema wasimamie. Nikamwambia Kumbukumbu la Torati 10:18 inataja hukumu ya haki kwa yatima na mjane kabla haijataja chakula na mavazi. Akasema Biblia anaisoma. Nikasema najua, baba, ndiyo maana nakwambia wewe.

Kisha nikatoa nakala ya kitabu cha ndoa. Sikuwa nimepanga kuitoa pale. Nikaweka kidole kwenye safu ya mashahidi. Saini ya kwanza ni yake. Alikuwa kijana, ameandika jina lote kwa herufi kubwa halafu akachora mstari chini yake, kama vijana wanavyopenda. Akaishika karatasi kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mstari mmoja. "Hiyo ilikuwa zamani," akasema, akanirudishia. Hakuongeza neno. Alikaa dakika kumi hivi, akaondoka bila kuaga.

Dirisha lilifunguliwa saa 8 na robo. Faili likapokelewa, mhuri ukagongwa, tukaambiwa turudi Jumanne. Ile sauti ya mhuri mama aliisikia, nilimwona mabega yakishuka.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Nilimpandisha daladala, mimi nikakimbilia kanisani kwa sababu kulikuwa na mfadhili aliyeahidi kuleta mchele. Alileta kweli, mchele mzuri wa Kyela, na nashukuru kwa moyo wote. Lakini alikuja na mpiga picha, akataka kesho wazee wapange foleni wapokee mmoja mmoja mkononi mwake huku wakipigwa picha. Nikamwomba apige picha ya masufuria, ya kwaya, ya kwake mwenyewe akipakua. Wazee wetu huwa wanakaa mezani na kuhudumiwa wakiwa wamekaa, na hakuna anayepigwa picha bila kuulizwa pembeni, peke yake, ambapo anaweza kusema hapana. Alikunja uso. Alisema wenzake wa ofisini wanataka kuona fedha yao imekwenda wapi. Hilo ni haki yao, nikamwandikia risiti na orodha ya idadi. Mchele ameuacha. Sina hakika kama atarudi mwezi ujao, na mzee mmoja wa kanisa aliyesikia amenikasirikia. Nitalijibu kikaoni.

Kwenye saa 11 nilimpelekea blanketi bibi anayelea wajukuu watatu. Mbeya ina watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliupa mkoa wetu asilimia 9.6, tukiwa nyuma ya Njombe na Iringa, na mabibi kama huyu ndio waliobaki na watoto. "Ugonile," nikamsalimia. "Ndaga," akaitikia bila kuinuka, magoti yanamsumbua. Ana zaidi ya miaka 60 kwa mbali, na anastahili matibabu bila malipo kwa sera ya wazee, ila kitambulisho cha mzee hana, kwa hiyo zahanati wanamdai. Nimeandika kwenye daftari: Jumatano, ofisi ya kata. Benchi lingine. Mjukuu mkubwa alijifunika blanketi palepale, akalala na viatu.

Nyumbani nilifika usiku, miguu imevimba, nikakuta umeme umekatika na maharage debe mbili bado hayajachambuliwa. Nikaanza peke yangu kwa mwanga wa simu. Kidogo mlango ukagongwa. Alikuwa mama yule, na jogoo kwapani, miguu yake imefungwa kwa kipande cha kanga. Amerudi umbali wote huo, usiku, na baridi ile. Nilitaka kumsema, nikashindwa. Akamfunga jogoo mguu wa meza, akavuta kigoda, akaanza kuchambua: mawe upande huu, yaliyotobolewa upande ule, haraka kuliko mimi.

Tulikuwa tumefika debe la pili aliposema shemeji amempigia.

"Amesema Jumanne na yeye atakuja."

"Kufanya nini?"

"Hakusema. Aliuliza tu ni saa ngapi."

Nikamsogezea mwanga. Saa nne na nusu tukaloweka.