Mvua ya Julai

Leo asubuhi, kabla jua la Oktoba halijaanza kutuchoma, mtu mmoja aliingia ofisini kwangu na dosie, yaani faili, chini ya kwapa. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Mwaka 2019 nilimshinda mahakamani, na nusura nimfungie akaunti yake ya benki. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akajifuta jasho, akasema: "Metre, nimekuya. Nataka unisimamiye." Metre ndivyo tunavyoitwa sisi mawakili hapa.

Tangu alipoondoka sijafanya kazi ya maana. Nimefunga mlango, nimemwambia katibu aseme niko mahakamani, na ninaandika.

Mteja wangu wa wakati ule nitamwita Mzee, maana soko zima linamwita hivyo. Anavusha unga wa mahindi kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kama wengine wengi wanaohakikisha Lubumbashi, mji wetu wa Kongo, haikosi bukari (ugali) mezani. Julai 2018 alimkopesha mwenye depo (ghala la kuuzia) mmoja wa Kenya (wasomaji wa mbali: hii Kenya ni mtaa wetu, si nchi) mifuko 2,400 ya kilo 25, kila mfuko dola 16. Jumla dola 38,400. Yule bwana akalipa 9,000, kisha akawa bubu. Simu inaita, hapokei. Ukienda depo, ametoka sasa hivi.

Mzee alinijia na boni tatu za kupokelea mzigo, zimekunjwakunjwa hadi maandishi yanakatika penye mikunjo.

"Nani alisaini hapa?"

"Mutoto wa depo."

"Anaitwa nani?"

"Ee Metre, miye nitajua wapi jina ya mutoto wa mutu?"

Watu wakisikia naendesha kesi za biashara hudhani ninashinda siku nzima na makampuni ya shaba na mikataba ya kurasa mia. Zipo hizo, na ndizo zinazolipa kodi ya ofisi. Lakini mwaka wangu umejaa boni za namna hii, zenye saini ya mtoto asiyejulikana jina.

Kuna jambo moja la kazi hii ambalo hawakutufundisha chuo kikuu. Tunaandika kila kitu kwa Kifaransa, na tunamweleza mteja kwa Kiswahili. Ili rais wa mahakama ya biashara atoe amri ya kulipa bila kesi ndefu, sheria inataka deni liwe na sifa tatu, na kwa Kifaransa sifa hizo zinatiririka kama wimbo. Kwa Mzee nilisema: ijulikane kwamba deni lipo, ijulikane ni kiasi gani, na siku yake iwe imefika. Akatikisa kichwa. "Deni iliiva," akasema. Toka siku ile situmii neno lingine. Deni lililoiva.

Amri tuliipata. Wisie, yule afisa anayepeleka hati za mahakama, akaifikisha depo na kuikabidhi mkononi. Kwa sheria ya wakati ule mdaiwa alikuwa na siku 15 za kupinga. Yeye alipinga siku ya 14. Wakili wake alikuwa mwenzangu wa darasa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mtu ninayempenda sana na ambaye sitaki kukutana naye mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba mifuko ilipata maji njiani, unga ukaota ukungu, nusu yake ikatupwa. Pingamizi likishaingia, mzigo wa kuthibitisha deni unarudi kwa yule aliyeomba amri. Yaani kwangu mimi, na boni zangu tatu.

Kilichotuokoa kwanza ni simu ya Mzee. Hajui kusoma vizuri, basi mambo yake yote anayafanya kwa sauti. Ndani ya WhatsApp yake tulikuta sauti ya mdaiwa, ya mwezi Septemba: "Mzee, univumiliye mpaka mwezi unaisha, feza yako iko." Kati ya wafanyabiashara ushahidi ni huru, hata wa njia ya elektroniki unakubalika. Nilimwomba wisie anakili maneno yale yote, pamoja na jogoo aliyewika katikati.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Nilikula kiapo mwaka 2013, miezi michache baada ya sheria za OHADA, zile sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, kuanza kutumika kwetu tarehe 12 Septemba 2012. Sisi vijana tulikuwa na bahati ya ajabu: wakubwa walikuwa wanaanza upya pamoja nasi. Patroni wangu, wakili aliyenifundisha kazi, aliyepita umri wa miaka 60, alisoma sheria ya ukusanyaji wa madeni na kalamu ya risasi mkononi, akipiga mistari kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Miaka miwili ya mafunzo nilibeba dosie zake, nilikwenda kuomba tarehe nyingine pale alipokuwa na kesi mbili kwa saa ileile, na nilijifunza kuvaa joho jeusi kwenye joto la Oktoba bila kuzimia. Ndipo nikaanza kuona fahari ya mambo haya. Mtu wa mtaa wa Katuba anabishana na mtu wa Kenya juu ya mifuko ya unga, na neno la mwisho kabisa linaweza kutamkwa Abidjan, kwenye mahakama ya juu ya OHADA! Nilijiona nimeshika kitu kikubwa.

Basi katika kesi ya Mzee niliandika kurasa 14. Nilikuwa na silaha nzuri: mnunuzi anayeona kasoro ya wazi siku anapopokea mzigo ana mwezi mmoja wa kumjulisha muuzaji, akinyamaza amepoteza haki ya kulalamika. Na huyu alinyamaza mpaka amri ilipomfikia. Kurasa tatu nzima nilizijaza kwa jambo hilo. Bado ninazipenda, kusema kweli.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa Februari, na mvua ilikuwa inamwagika kama mtu amepindua pipa. Mahakama ya biashara, tangu sheria ya mwaka 2001 iliyoiunda, haina jaji peke yake. Jaji mwanasheria anaketi katikati, na pembeni yake wafanyabiashara wawili waliochaguliwa na wenzao. Mawakili wengine huwaangalia hawa wawili kama mapambo. Nikiri kwamba na mimi nilikuwa hivyo. Nilizungumza nikimtazama jaji wa katikati tu, nikafika ukurasa wa tisa.

Yule wa kushoto, baba mmoja mnene aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akaomba neno. Akamgeukia mwenye depo.

"Baba, haya maji iliingia kwenye mifuko, ilikuwa maji ya nini?"

"Ya mvua, muheshimiwa. Kwenye njia ya Kasumbalesa."

"Na mzigo ulifika mwezi gani?"

"Mwezi wa saba."

Yule baba hakusema kitu. Alinyoosha kidole tu kuelekea dirishani, ambako mvua ya kweli ilikuwa inapiga vioo. Mtu yeyote aliyekulia hapa anajua: kuanzia Mei hadi Septemba hata tone hatuoni, Julai ni vumbi na baridi ya asubuhi. Ukumbi ulicheka hadi jaji akagonga meza. Mwenzangu wa UNILU aliinamia karatasi zake, na mimi niliinamia zangu kwa sababu nilikuwa na aibu kumzidi. Tarehe ya boni nilikuwa nimeiandika mwenyewe, mara kumi na moja, ndani ya kurasa 14. Nilikuwa ninahesabu mwezi mmoja wa sheria, sikuuona mwezi wa kalenda.

Tulishinda. Dola 29,400 zilizobaki, pamoja na gharama.

Nilianza mara moja kuandaa kukamata fedha zake benki. Hati zilikuwa tayari, zinasubiri wisie tu, wakati Mzee aliponipigia.

"Metre, acha."

Walikuwa wamekaa wawili, bila mimi, bila mwenzangu, juu ya bukari na samaki, na wakakubaliana: dola 20,000 kwa awamu mbili, na kilichobaki kitakatwa polepole kwenye mizigo ijayo. Mizigo ijayo! Nilimuuliza kama anaumwa. Akanijibu kwa upole, kama anavyoongea na wajukuu wake: "Nikimufungia banki leo, depo yake inakufa. Ile depo njo inauzaka unga yangu ya Kenya yote. Miye nitauzia nani?"

Sikumpigia simu Mzee kwa muda wa wiki tatu. Nilihisi kama mtu aliyejenga nyumba, mwenye nyumba akaifanya ghala la vitunguu. Nilikwenda kumlalamikia patroni. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama Mzee amelipa malipo yangu. Nikasema amelipa, hata ameongeza mfuko wa unga. "Basi unalia nini?" akasema, akarudi kwenye magazeti yake. Nilitoka nimenuna zaidi. Malalamiko yangu hayakuwa ya fedha. Nilitaka hukumu yangu ifike mahali, ifanye kitu, imkute yule bwana kaunta ya benki na kumwambia hapana.

Sijui ni mwaka gani nilianza kuuliza swali ambalo sasa namuuliza kila mteja kabla hata ya kuona boni: mwaka ujao utataka kumuuzia tena? Wengine wanacheka, wengine wananyamaza muda mrefu. Jibu lao linabadilisha barua yangu ya kwanza, kiasi ninachodai, hata neno ninalochagua. Nina wateja wawili ambao jibu lao lilikuwa hapana, kwa hasira, na kwa hao nilikwenda hadi mwisho, na nisiseme uongo, nilifurahia.

Nirudi asubuhi ya leo. Nilimkumbusha mwenye depo kwamba nilikuwa upande wa pili. "Njo maana nimekuya," akasema. Mwenye duka mmoja wa mtaa wa Ruashi amechukua mzigo wake na halipi. Akafungua dosie. Boni zote zimenyooka, zina muhuri, na chini ya kila saini kuna jina kamili la aliyepokea na namba yake ya simu.

Nikamwambia kabla sijagusa karatasi hata moja, lazima nizungumze na Mzee kwanza, nijue kama jambo hili halimgusi. Alipotoka nikapiga. Mzee alipokea kabla simu haijaita mara mbili, nyuma yake nasikia makuli wanapakua lori.

"Amefika?" akauliza. "Miye njo nilimutuma. Ule mutu wa Ruashi akimulipa, na miye nitalipwa. Umupunguziye kidogo, Metre."